Mtoto Mdogo na Adhabu ya Kutengwa

Adhabu ya kutengwa, yaani kumwondoa mtoto mdogo miongoni mwa wenzake na kumkalisha peke yake kwa dakika chache hadi atulie, husifiwa katika malezi kwa kuwa haitumii kiboko. Lakini swali la haki halimalizwi na kukosekana kwa fimbo. Kwa Wairaqw, ambao Endagikot na sehemu kubwa ya Mbulu, nchini Tanzania, ni makao yao, kutengwa hakukuwa jambo jepesi: metimani, yaani hali ya kaya kukaa mbali na majirani kwa miiko baada ya misiba fulani, iliwazuia hata watu wazima kushirikiana na wengine. Metimani haikuwa adhabu, na mtu mzima aliyeipitia alijua sababu yake na alijua kwamba ina mwisho. Mtoto wa miaka miwili hana hakika ya lolote kati ya hayo mawili. Kwa kuwa bado hawezi kupima muda, dakika tatu kwake hazina ukingo, na huenda anachokipata si funzo juu ya kosa bali hisia ya kukataliwa.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataa uhalali wa kumwadibisha mtoto ambaye, kwa udogo wa umri, hawezi kuelewa kusudi la kuadibishwa. Na kipimo hicho, ambacho kwa haki kinatazama akili ya mtoto kabla ya mkono wa mkubwa, kinaigusa hata adhabu isiyo na kiboko. Mlezi anayemtuliza mtoto akiwa ameketi kando yake anatenda haki zaidi kuliko anayemwacha peke yake.