Nyumba Yapambwa kwa Ajili ya Nani?

Wazazi wengi wa vijiji vya Katanga wana mtoto aliyekwenda mjini kutafuta kazi. Wakimtembelea huko Lubumbashi, katika mtaa kama Katuba au Kampemba, humkuta katika chumba kimoja cha kupanga, ndani ya lupango wanamoishi watu wengi. Kitanda kiko upande huu, vyungu upande ule, na katikati pana pazia linalotenga pahali pa kulala na pahali pa kulia. Na mara nyingi mzazi huona jambo jingine linalomshangaza. Ukutani pana picha, mezani pana kitambaa kilichofumwa kwa uzi, dirishani pana kopo lililopandwa ua. Hapo hujiuliza moyoni: mwanangu huyu mwaka mzima hakuleta hata faranga moja nyumbani, je, hiyo ndiyo kazi aliyoiendea mjini, kupamba chumba kisicho chake?

Swali hilo si la kijicho, nalo lastahili kujibiwa vema. Ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja kama kuni. La kwanza lauliza kama maskini ana haki ya kutafuta uzuri kabla ya kushiba. La pili lauliza uzuri huo umewekwa kwa ajili ya macho ya nani.

Wako watu wasemao kwamba uzuri ni mambo ya matajiri, tena ya kwamba ulifika nchini pamoja na gari la moshi. Wasemao hivyo hawaijui nchi yao. Kando ya ziwa Kisale, pahali paitwapo Sanga, mwaka 1957 wataalamu walichimbua makaburi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 700 iliyopita. Watu wale walikuwa wavuvi na wakulima. Katika makaburi yao vilionekana vyungu vilivyofinyangwa na kuchorwa mistari kwa uangalifu mwingi, na katika makaburi ya watoto vilionekana vyungu vidogo vidogo, vya kipimo cha mtoto. Basi chungu kisicho na mistari chapika sawasawa na chungu chenye mistari. Mfinyanzi yule alitafuta nini alipoketi akichora kitu kisichoongeza chakula hata tonge moja?

Tena huko Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji jina lake Georges Thiry aliona mwaka 1926 nyumba za udongo zenye kuta zilizochorwa. Akamtafuta mchoraji, naye alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji. Na mkewe, Antoinette Lubaki, akachora vilevile. Mwaka 1929 michoro ya Lubaki ilionyeshwa Brussels, na mwaka 2015 michoro ya mume na ya mke ilionekana tena katika maonyesho makubwa huko Paris. Karatasi zimetunzwa. Lakini ukuta wa udongo hautunziki hivyo, maana mvua haibagui kazi ya fundi na kazi ya mjinga. Hata hivyo kuta ndizo zilizotangulia, nazo zilitazamwa na majirani bila mtu kulipa kiingilio.

Kwa hiyo swali la kwanza halina ugumu mkubwa. Swali la pili ndilo zito.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya stahili ya kiraia, na mwaka 1952 ikatoa sheria ya kuwaandikisha Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba heshima hiyo alichunguzwa. Wakaguzi waliingia hata nyumbani mwake wakatazama vitanda, meza, vyombo vya kulia, na usafi wa jiko. Katika miji mikubwa kulikuwa na nyumba za mafundisho ya wanawake, zilizoitwa foyer social, ambamo wake walifundishwa kushona, kufuma vitambaa na kupanga vyombo. Kushona ni ujuzi mwema, na wanawake wengi waliutumia maisha yao yote kwa faida. Lakini kifikiriwe kitambaa kimoja kilichofumwa na kutandikwa mezani kwa kumngojea mkaguzi. Uzi ni uleule, mkono ni uleule, na usiku wa kazi ni uleule. Lakini kitambaa kimegeuka kuwa shahidi katika kesi. Watoto wakatazwa kukigusa. Meza ile imekuwa meza ya mkaguzi, ingawa mkaguzi huja mara moja tu, na watoto hula kila siku.

Mkaguzi wa namna ile alikwenda zake pamoja na utawala uliokoma mwaka 1960. Macho yake ndiyo yaliyobaki, na mara nyingi yamehamia katika uso wa jirani.

Wafikiriwe mume na mke wenye watoto watatu, katika chumba kama kile kilichotajwa mwanzoni. Mama mzazi wa mume, mzee mwenye ugonjwa wa miguu, ameletwa kutoka kijijini ili atibiwe, naye alala mchana kutwa nyuma ya pazia. Mume hupakia mizigo, na malipo yake ni ya siku kwa siku. Jirani wa mlango wa pili amenunua makochi mapya. Tangu siku hiyo mume aona aibu wageni wanapoketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sasa ataka kukopa fedha ili naye anunue.

Mke amwambia, “Baba watoto, deni hilo litalipwa na nini? Ada ya shule ya mkubwa wetu bado.”

Mume ajibu, “Mama watoto, mtu akiingia humu na kuketi juu ya ndoo, ananihesabu kuwa nani?”

Mume huyu hasemi upumbavu. Kumpa mgeni pahali pazuri pa kuketi ni desturi ya heshima katika kila kijiji cha nchi hii, na mtu asiyejali kabisa macho ya wengine mwisho hata kuoga huacha. Kosa lake liko pengine. Fundi seremala wa mtaa angemfanyia viti viwili vya mbao kwa bei ndogo, na mgeni angeketi vema. Lakini yeye hataki mgeni aketi, ataka mgeni ahesabu. Na atakayelipa hesabu hiyo ni kijana wa sekondari atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Makochi yanayolipwa hivyo, hata yakiwa laini namna gani, yamenunuliwa kwa fedha ya mtu asiyeulizwa.

Si kila jicho la mgeni ni jicho la mkaguzi. Katika miaka ya 1970 wenyeji wengi wa Lubumbashi walitundika sebuleni picha zilizopakwa rangi juu ya kitambaa cha gunia la unga: picha ya mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya mambo ya utawala wa Wabelgiji. Bei yake haikuwa kubwa. Mgeni akiingia aliuliza, “Hii ni nini?” Mwenyeji akaanza kusimulia, mgeni naye akaongeza la kwao, na jioni ikapita. Mkaguzi huhesabu vitu, mgeni wa kweli huuliza habari zake. Pambo linalozaa maneno kati ya watu wawili limekwisha kulipa gharama yake.

Sasa mke wa mfano huu, asiyependa deni, afanyaje? Aanza na ukuta, maana ukuta ni mkubwa na udongo hauuzwi. Achimba udongo mweupe kando ya mto, auanika, autwanga, auchekecha kwa kitambaa chepesi, kisha auloweka usiku kucha. Asubuhi achanganya uji mwepesi wa unga wa muhogo, ili ukuta usimpake vumbi kila anayeuegemea. Apaka mara moja, angoja hata ukauke kabisa, ndipo apaka mara ya pili. Wasiongoja huona ukuta ukibambuka vipande vipande kabla mwezi haujaisha. Chini, kutoka sakafuni hadi urefu wa goti, apaka udongo mwekundu, kwa sababu mikono ya watoto ina sheria zake.

Baadaye aenda kwa fundi wa cherehani na kuomba vipande vya vitenge vilivyobaki. Hapa pana akili zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza avifua vyote mbalimbali, maana kipande kimoja chenye rangi ya kuchuja chaweza kuharibu vingine ishirini. Halafu avipanga kwa uzito, vizito pamoja na vyepesi pamoja. Vikichanganywa, kizito huvuta chepesi na pazia hujipinda kama mkia wa kinyonga. Ndipo ashona vipande kuwa mikanda mirefu, na mikanda kuwa pazia. Makopo ya maziwa ayatoboa chini kwa msumari ili maji ya maua yatoke, na midomo yake aigonga kwa jiwe ndani na nje, watoto wasije wakajikata. Maua ya karatasi ayafunga kwa uzi, hayagandishi kwa ugali wa muhogo, kwa sababu mende hupenda ugali huo kuliko wenye nyumba. Fedha yote iliyotumika ni ya uzi, sindano na sabuni.

Siku pazia lilipotundikwa, mke aligeuza upande mzuri uelekee mlangoni, kama wafanyavyo watu wote. Watoto wakapiga makofi. Jioni alipompelekea mama mkwe chakula, yule mzee akamwambia kwa upole, “Mwanangu, kazi yako nimeisifu kwa masikio tu. Upande huu mimi naona mishono na nyuzi.”

Mke hakujibu neno. Kesho yake aliligeuza pazia.

Mume aliporudi alilalamika kwamba sasa wageni wataona mishono. Naam, wataiona. Mgeni ataiona kwa saa moja, kisha atakwenda zake. Mgonjwa hulitazama pazia tangu alfajiri hata taa izimwe, siku baada ya siku. Mwenye chumba kidogo hawezi kupendeza macho yote kwa kitambaa kimoja. Lazima achague, na katika kuchagua huko yaonekana wazi nyumba ni ya nani. Kusema kweli, mwanamke huyu angeweza kushona pazia la pande mbili, na labda mwakani atalishona. Lakini mwaka huu vipande vilitosha upande mmoja tu.

Labda mtu atauliza: hata uzi na sabuni hununuliwa, je, si afadhali fedha hiyo wapewe wenye njaa? Waliosikia habari za Bethania wajua kwamba swali hilo liliulizwa zamani, juu ya mafuta yenye bei ya zaidi ya dinari 300, na ya kuwa aliyeliuliza ndiye aliyeshika mfuko. Hata hivyo swali lenyewe lisidharauliwe kwa sababu ya kinywa kilicholitoa. Ikiwa usiku huu mtoto wa chumba cha pili alia kwa njaa, sindano na iwekwe chini, pazia halitaoza. Lakini wanaotumia swali hilo kuwakataza maskini kila pambo, mara nyingi hawawapi maskini wala uzi wala unga. Tena maskini hatoi fedha nyingi kwa kazi hizi; atoa saa zake za jioni na nguvu za mikono yake, mali ambayo asipoitumia haigeuki kuwa unga kesho.

Liko jambo moja zaidi, ambalo wapangaji hulijua vema. Chumba kikisha kupendeza, mwenye nyumba hupita, hutazama ukuta mweupe, na mwezi unaofuata hupandisha kodi. Udongo hakuununua, maji hakuyateka, naye auza jasho la mpangaji kwa mpangaji mwenyewe. Hiyo si haki, ijapokuwa ukuta ni wake kweli. Wengine kwa hasira huukwangua ukuta siku ya kuhama. Lakini mpangaji ajaye hakuwakosea neno. Pazia na makopo ni mali ya aliyeyafanya, na ayachukue. Ukuta auache mweupe. Na kwa kuwa hasira ya mwisho huzaliwa na ukimya wa mwanzo, ni vema kupatana kabla ya kazi, mbele ya shahidi.

Mke wa mfano huu alifanya hivyo. Kabla ya kuchota ndoo ya kwanza ya udongo alimwita mzee mmoja wa lupango asikie maneno. Mwenye nyumba alinung'unika sana, akasema kwamba nyumba ni yake na bei ni yake. Mwisho akakubali kutogusa kodi kwa miezi 12, kwa sharti moja tu, kwamba udongo ukibaki, apakiwe na ukuta wa choo.