NI NANI ALIYEKUHUKUMU?



Je, umewahi kunyoshewa kidole? Pengine ulipata mimba ukiwa shuleni, mtaa mzima ukakucheka. Pengine unashinda kijiweni pale Nangurukuru, na kila apitaye anakuita mhuni. Pengine siku moja uliingia kanisani, mtu mwenye Biblia mkononi akakutazama toka kichwani hadi miguuni, ukatoka na hujarudi tena. Kama ni hivyo, soma karatasi hii mpaka mwisho. Ni yako.

Kilwa Kivinje kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwa sababu aliupinga utawala wao. Watawala hao walitoka nchi iliyojiita ya Kikristo! Jina la Kristo walikuwa nalo. Rehema hawakuwa nayo.

Usiseme, "Ah, hao wakoloni walishaondoka." Kwani kamba nayo imeondoka? Sisi tuliookoka tunayo: ni ulimi wetu. Tukikaa barazani kumsema binti wa watu, tunamnyonga. Tukimdharau jirani kwa sababu ya dini yake, tunamnyonga. Kwa hayo tunakuomba radhi.

YESU ALIFANYAJE?

Soma Yohana 8:1-11. Walimleta mwanamke aliyefumaniwa akizini, wakamweka katikati ya watu. Torati iliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke (Walawi 20:10). Sasa yule mwanamume yuko wapi? Hakuletwa! Ndivyo zilivyo hukumu zetu hata leo: binti anafukuzwa nyumbani, aliyempa mimba anatembea kifua mbele.

Wote walimsema yule mama. Hakuna aliyesema naye. Yesu aliinama, akaandika chini kwa kidole. Kisha akawaambia kwamba asiye na dhambi ndiye aanze kurusha jiwe. Wakaondoka mmoja mmoja, wakianza wazee. Akabaki Yesu, asiye na dhambi. Yeye peke yake alikuwa na haki ya kurusha. HAKURUSHA! Akasema naye kwa heshima, kama mtu.

JE, BASI DHAMBI SI KITU?

Hapana! Usidanganyike. Alimwambia aende zake, asitende dhambi tena. Lakini angalia: kwanza alimwondolea hukumu, ndipo akamwonya. Sisi tunageuza. Tunasema, "Acha kwanza, ndipo tukupokee." Ndugu yangu, mtu anayezama baharini pale Masoko, je, utamwambia ajifunze kwanza kuogelea ndipo umtupie kamba? Kamba ni ile ile. Mikononi mwa mwenye hukumu inanyonga, mikononi mwa mwenye rehema inaokoa.

Na rehema hiyo haikuwa ya bure kwake. Yesu mwenyewe alitundikwa juu ya mti (Wagalatia 3:13). Hukumu yako aliibeba Yeye.

Usingoje utakate ndipo uje. Njoo kama ulivyo! Sema sala hii kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimechoka kuhukumiwa, nimechoka na kuhukumu wenzangu. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu. Nifundishe kuwarehemu wengine kama ulivyonirehemu mimi. Amina."

Umeomba? Basi njoo mbele uonane na watumishi baada ya mahubiri. Tutakusikiliza. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi jana.

Mungu akubariki!