Deni la Mjenzi

Kila jengo lina watu watatu: aliyeamuru lijengwe, aliyelijenga kwa mikono yake, na yule ambaye bado hajazaliwa, atakayekuja kulibomoa. Wa kwanza hutajwa, wa pili hutajwa kwa nadra, na huyu wa tatu hana wa kumsemea. Mjenzi anadaiwa nini na mbomoaji wake? Aghalabu swali hili huachiwa makuli na wenye mikokoteni, kana kwamba halina uhusiano wowote na haki. Lakini njia kongwe ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, imewahi kulijibu kwa udongo.

Katika karne ya 19 nyumba ya Unyanyembe ilikuwa tembe: miti iliyosimikwa na kukandikwa, paa bapa la magogo lililofunikwa udongo, na vyumba vilivyouzunguka ua. Waarabu na Waswahili waliohamia huko kwa biashara ya pembe na watumwa waliichukua namna hiyo hiyo ya ujenzi. Katika tembe mojawapo, pale Kwihara, Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Tembe hiyo leo ni makumbusho. Wenzake wengi wametoweka, wala hawakuacha kifusi. Udongo wa ukuta uliochoka humwagiwa maji, hukanyagwa, ukawa ukuta mwingine. Usipohitajiwa, mvua huurudisha shambani.

Pwani nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Chokaa ni laini kuliko jiwe la matumbawe, kwa hiyo ukuta ukivunjwa jiwe hutoka zima, likaanza maisha mapya. Saruji haina huruma hiyo: jiwe hupasuka kabla yake. (Na wanaozijua kuta za Mji Mkongwe wanajua jinsi lipu ya saruji inavyofungia unyevu ndani ya jiwe.) Zege linaweza kupondwa na kuchekechwa likawa kokoto za msingi wa barabara au za matofali mapya, na nondo zake zikauzwa kama chuma chakavu. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo kokoto haigeuki tena kuwa saruji. Kila tofali jipya hudai saruji mpya, nayo huzaliwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1450 hivi. Tofali la kuchoma nalo, huko Tabora, hula miti ya miombo.

Yamkini msomaji atauliza: udongo unaorudi udongoni si husahau pia? Kuta zile zilikandwa na wengi, wakiwamo watumwa, na tembe la tajiri likigeuka kuwa jiko la maskini, haki fulani imetendeka na ushahidi fulani umepotea. Hoja hii ni nzito. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya UNESCO, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake. Lakini tazama ukuta uliohifadhiwa unahifadhi jina la nani: ni la mgeni aliyelala humo, si la waliopanda juu na karai za udongo. Uimara wa ukuta haukuwasaidia waliojenga. Majina yao yalihitaji daftari, nalo halikuandikwa, na zege lisingeliandika.

Kwa hiyo asijitetee mtu kwamba anajenga kwa ugumu ili akumbukwe. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo wa papo hapo na saruji kidogo, bila kuchomwa. Hushikana kwa maumbile yake, na chokaa au saruji ya kuungia huhitajika kidogo mno. Mjukuu akitaka kuusogeza ukuta hatua tatu ili apate chumba cha mgonjwa, ataanza juu, ayatoe moja baada ya jingine, ayapange kando.