Kuunga Urafiki Uliokatika

Lugha yetu ina methali mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, huonekana kama mashahidi wawili wanaopingana mbele ya baraza. Ya kwanza yasema: Maji yakimwagika hayazoleki. Ya pili yajibu: Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu aliyefarakana na rafiki yake wa miaka mingi aweza kuishika yoyote kati ya hizo akaiita hekima ya wahenga. Kwa hiyo yatubidi tuulize zaidi: ni urafiki gani uliokatika, umekatwa na nini, na kuuunga tena kwadai kazi gani?

Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 K.K., aliugawa urafiki katika mafungu matatu: urafiki wa manufaa, urafiki wa kufurahishana, na urafiki wa watu wanaopendana kwa ajili ya wema wao. Alijiuliza pia habari za marafiki wa utotoni ambao mmoja wao amekua kiakili na mwingine amebaki pale pale. Aliona ni vigumu kwao kuendelea kuwa marafiki, lakini yafaa wasiusahau ukaribu wao wa zamani. Jambo hilo latuhusu sana. Shule huwaweka mtoto wa mkulima, wa mchuuzi na wa mkurugenzi katika dawati moja; kisha maisha ya mjini huwatawanya. Lakini mara nyingi kinachowatenga si kukua kwa akili, bali fedha na vyeo, na aibu inayozaliwa na vitu hivyo. Utengano wa namna hiyo hatuna haki ya kuuita maumbile.

Tuchukue mfano. Watu wawili waliosoma pamoja wanaishi Dar es Salaam. Mmoja alimkopesha mwenziwe fedha za kuanzia biashara. Biashara ikafa, na deni halikulipwa wala halikutajwa. Hawakutukanana, waliacha tu kutembeleana. Anayedai asema moyoni, “Angalau angekuja kunieleza.” Anayedaiwa asema, “Nitakwendaje mikono mitupu?” Kila mmoja amngoja mwenziwe, na ule ufa usiozibwa wawa ukuta wa kujengwa.

Sasa tuseme kwamba siku moja ya kaskazi, mwezi wa Januari, mmoja wao ampelekea mwenziwe ujumbe: njoo tuendeshe baiskeli kama zamani. Ombi hilo laweza kuonekana la kitoto, lakini lina busara. Wanaoketi uso kwa uso hulazimika kuanza na shauri lenyewe, na mwenye aibu hana pa kuyaweka macho yake. Walio juu ya baiskeli hutazama njia. Wakitoka Kariakoo, wakateremka bonde la Jangwani na kuvuka Mto Msimbazi, kisha wakapanda kuelekea Magomeni, jua huwachoma sawasawa, na jasho halimwulizi mtu cheo chake. Mwenye nguvu hupunguza mwendo ili mwenziwe amfikie. Aliyetangulia huonyesha shimo kwa mkono. Wote wawili huliogopa lori lile lile. Hivyo, kabla ya neno lolote la samahani, wamekwisha kungojana, kuonyana na kulindana. Twajifunza hapo kwamba urafiki si hisia tu; ni desturi ya vitendo, na desturi iliyoachwa yaweza kurudiwa.

Hata hivyo, vitendo vyema havitoshi. Wapo wanaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, kwa nia ya kufukia mambo tu. Kazi ya fundi wa baiskeli, ile tunayoiona chini ya miti katika mitaa yetu, yatufundisha vingine. Tangu John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, alipoandikisha mpira wake wa upepo mwaka 1888, waendeshaji wamepata mwendo laini, wakapata na pancha. Fundi huutoa mpira wa ndani, huujaza upepo na kuuzamisha katika karai la maji. Mapovu humwonyesha tundu. Huukausha, hupasugua mahali pale kwa msasa, hupaka gundi na kuiacha ikauke kidogo, kwa maana kiraka kilichobandikwa kwa haraka hakikai. Mwisho, kabla ya kuurudisha mpira mahali pake, hupitisha vidole ndani ya tairi akitafuta mwiba. Asipouona na kuung’oa, mteja hatafika mbali.

Mwiba wa hawa wawili ni deni. Mkopeshaji akisema moyoni tu, “Nimesamehe,” mwenziwe hana habari kuwa amesamehewa, na yeye mwenyewe abaki na daftari ambalo aweza kulifungua siku ya hasira. Deni na litajwe. Likitajwa, laweza kulipwa kidogo kidogo, au kusamehewa mbele ya aliyedaiwa. Na kama mkopeshaji alimsengenya mwenziwe mtaani, hilo nalo litajwe. Baada ya hapo upekuzi ukome. Fundi hautoboi mpira ili apate matundu mengine ya kuziba.

Nani aanze? Desturi zetu zina jibu moja zuri katika utani. Mtani, kama vile Mnyamwezi kwa Mzaramo, huruhusiwa kusema kwa kicheko lile ambalo wengine hulimeza kwa haya. Na mahali ambapo aibu imefunga vinywa viwili, kinywa cha tatu chafaa sana. Lakini si kila mtu mjini ana mtani au mzee wa kumsemea. Kwa maoni yetu, mlango na ufunguliwe na yule ambaye aibu yake ni ndogo, yaani anayedai. Bali kosa na litamkwe na aliyelitenda. Mwenye haki akialika, hapotezi haki yake. Mwenye kosa akiungama, hapotezi utu wake.

Twakiri kwamba upo mpira uliooza, usioshika kiraka. Rafiki anayeendelea kudanganya, au anayemtaka mwenziwe ashiriki katika uovu, aweza kusamehewa pasipo kurudiwa. Kusamehe ni kuacha kulipiza. Kurudiana ni kuaminiana tena, na uaminifu huhitaji watu wawili.

Sasa twaweza kuwapatanisha mashahidi wetu. Methali ya maji yasema kweli: urafiki wa miaka kumi na mitano, wenye wepesi wake wa kutojua deni wala cheo, haurudi. Methali ya koleo nayo yasema kweli: chombo kimevunjika, lakini ufundi wa kupendana ungali mikononi mwa waliowahi kuujua, nao waweza kufua chombo kingine. Mwanafunzi aliyenuniana leo na jirani yake wa dawati asingoje mpaka awe mtu mzima ndipo ajifunze ufundi huo. Na mwalimu anayewaona wawili hao wakipishana kimya kimya awape kazi moja ya kufanya pamoja, kisha awape nafasi ya kusemezana.