Nani Alifeli Kemia?

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nimeambiwa methali hii mara nyingi, na wote walioniambia walikuwa na nia njema. Shida ni kwamba mimi sikujikwaa. Nilianguka, tena nikalala palepale chini miaka miwili.

Nilikuja Marekani, jimbo la Minnesota, nikiwa na miaka kumi na saba, kumfuata mama aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikamalizia sekondari huku, nikaingia chuo, nikasema nitakuwa daktari. Sasa, huku huingii udaktari moja kwa moja kutoka sekondari kama Tanzania. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo unaomba. Maana yake kila somo la chuo, tangu muhula wa kwanza, linakusubiri mbele ya safari. Hilo nililijua. Na bado miaka miwili ya kwanza nilitoka na GPA ya 2.3, na D ya kemia ogania imekaa katikati ya karatasi kama doa la mawese kwenye kanzu.

Habari za kuinuka sitawachosha nazo, hazina maajabu. Nilipunguza zamu za usiku. Niliacha kusoma daftari lilelile mara kumi nikaanza kufanya maswali. Nilikwenda ofisini kwa mwalimu na aibu yangu usoni. Kemia nikairudia, nikapata A. Miaka miwili ya mwisho nikapata 3.8, kisha nikaongeza mwaka mzima wa masomo ya sayansi baada ya shahada, nikapata 4.0. Halafu MCAT, ule mtihani unaokuweka kitini karibu siku nzima. Nao nikaupita vizuri.

Haya, tupige hesabu. Krediti 60 za 2.3, krediti 60 za 3.8, krediti 30 za 4.0. Wastani wake ni 3.24. Wanaopokelewa kwenye shule za udaktari huku wana wastani wa karibu 3.8. Kwa kifupi, miaka mitatu ya jasho haikutosha kuufunika uzembe wa miaka miwili.

Kinachouma zaidi ni hiki: AMCAS, mfumo ambao shule nyingi za udaktari hupokelea maombi, huhesabu alama zote mbili za somo ulilorudia. Shule za osteopathia, ambazo nazo hutoa madaktari kamili, zilikuwa na utaratibu wao wa huruma: alama mpya inafuta ya zamani. Lakini mwaka 2017 utaratibu huo uliachwa. Siku hizi huko nako zote zinahesabiwa.

Nilipoyajua haya nilikasirika kweli. Nikajiambia: D na A ukizichanganya unapata 2.5, na mimi sijawahi hata siku moja kuwa mtu wa 2.5. Yule wa kwanza hakujua chochote. Huyu wa pili anajua. Huo wastani unamhusu mtu wa tatu ambaye hajawahi kuishi. Basi kwa nini nihukumiwe kwa ajili yake?

Na hapo ndipo swali lenyewe lilipo, swali lililoninyima usingizi kuliko kemia: yule aliyefeli alikuwa nani? Ni mimi, au ni kijana mwingine aliyenitangulia kwenye jina langu?

Fomu ya maombi inakupa nafasi ya kujieleza, herufi 5,300, nafasi tupu zikiwemo. Mshauri mmoja alinisikiliza, alipofika kwenye kifo cha baba yangu akasema, anzia hapo, hiyo ndiyo hadithi yako. Nikaanzia hapo. Niliandika kwamba baba alipofariki kule Tanga nami niko mbali, taa zilizimika, na alama zangu zikazimika nazo. Ilikuwa imekaa vizuri, wallahi. Niliisoma peke yangu nikalia.

Jumapili moja nikamsomea mama, namtafsiria kwa Kiswahili mezani jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Baba yako alifariki mwezi gani?"

"Machi, mama."

"Na hiyo D uliipata lini?"

Nikanyamaza. Niliipata Desemba, miezi mitatu kabla.

"Basi marehemu usimtwishe, mwanangu. Hakukufelisha."

Akainuka kuosha vikombe. Hakunigombeza, wala hakuirudia habari hiyo tena.

Ukweli ni kwamba simu ililia kila asubuhi saa mbili nami nikaizima. Nilifanya kazi usiku, ndiyo, ila zamu nyingine nilizitaka mwenyewe, nipate hela ya viatu. Na zaidi ya yote, nilikuwa nimeongoza darasa nyumbani, kwa hiyo niliona aibu kuuliza swali mbele ya watu. Nikaona afadhali nifeli kimyakimya.

John Locke, ambaye mwenyewe alisomea utabibu, aliongeza sura kuhusu utambulisho wa mtu katika toleo la pili la An Essay Concerning Human Understanding, mwaka 1694. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba mimi ninafika mpaka pale fahamu yangu inapofika: tendo ninaloweza kulikumbuka kutoka ndani kama langu, hilo ni langu kulijibia. Nikajipima kwa kipimo hicho. Naukumbuka ule mlio wa simu. Naukumbuka ule utamu wa kuizima na kujifunika tena. Hakuna kijana mwingine hapo.

Kwa hiyo kuhusu kufuta nimebadili mawazo. Alama ya zamani ibaki. Ninachokipinga ni kule kuijumlisha na kugawa, kana kwamba siku zote za mtu zina uzito mmoja na hazina mpangilio. Aliyeanza na D akaishia na A, na aliyeanza na A akaishia na D, wastani wao ni sawasawa, na bado wewe msomaji ukiumwa usiku hutawaona sawa. Kukumbuka kosa ni haki. Kukumbuka bila kutazama lilitokea lini na nini kikafuata ni uvivu wa anayehukumu.

Ila nami nisijipendelee. Kuna mwenzangu ambaye hakuanguka kabisa, aliyefanya zamu za usiku kama zangu na bado akaamka saa mbili. Nikipewa kiti, huenda ni cha mtu kama yeye. Wapo wanaosema aliyeanguka huwa daktari bora kwa sababu ameonja uchungu. Sikubali. Kuanguka si sifa. Labda kuna faida moja tu ndogo: mtu aliyewahi kusema "nilikosea, na hakuna wa kumsingizia" ameshaifanyia mazoezi sentensi ambayo daktari atakuja kuihitaji mbele ya mgonjwa.

Nikaiandika upya barua. Baba amebaki ndani yake, lakini katika Machi yake.

Niliitwa usaili mara mbili. Kwenye ule wa pili, mama mmoja mwenye miwani aliifungua karatasi yangu akaweka kidole palepale nilipojua atakiweka. "Hapa palitokea nini?"

Nikamjibu kwa sentensi tatu. Nilikuwa siendi darasani. Nilikuwa naona aibu kuomba msaada. Nikabadilika, ila nilichelewa.

Aliandika kitu, akageuza ukurasa. Mpaka leo nasubiri jibu lao.