Kuijua Nchi Usiyoikanyaga

Je, ni halali mtu kusema kwamba aijua nchi ambayo hajapata kuikanyaga? Jibu la haraka ni jepesi. Wahenga walikwisha kusema kwamba kusikia si kuona, na "tembea uone" ni wasia ambao mtoto huusikia kabla hajaijua vema njia ya kisimani. Lakini jibu hili, jema kama lilivyo, likikubaliwa pasipo kupimwa lawafungia elimu watu walio wengi. Wasiopata kusafiri mbali ni wengi duniani kuliko wasafiri. Kijana asomaye shule Ziwani, katika mkoa wa Mtwara, upande wa mlango wa mto Ruvuma, ni mmoja wao. Nauli ya Dar es Salaam ni jambo la kufanyiwa shauri nyumbani kwao. Nauli ya Ulaya haifikii hata kufanyiwa shauri. Alicho nacho ni kitabu, ramani, kalamu ya risasi, na pengine simu ya kuazima. Akiusoma mji wa mbali kwa vitu hivyo, akauchora, akaufinyangia mfano wa udongo, akautungia hadithi, je, huyu ni mtu wa elimu, au ni mtu anayejidanganya?

Swali hili nataka kulipima kwa mambo yaliyotukia. Mifano haiko mbali, kwa sababu pwani yetu na bara iliyo nyuma yake zilikuwa zamani nchi ya mbali kwa watu wengine, na baadhi yao walizichunguza hali wamekaa kwao.

Katika karne ya 19 alikuwako London mwanachuoni wa jiografia, jina lake William Desborough Cooley. Hakupata kuja Afrika ya Mashariki. Alisoma habari za kale za Wareno, akazilinganisha, akahoji watu. Mmoja wa aliowahoji alikuwa Mswahili, Khamis bin Uthman, aliyefika London katika miaka ya 1830. Kwa maneno ya watu kama huyu Cooley alitoa mwaka 1845 maelezo ya ziwa kubwa lililo ndani ya bara, nyuma ya pwani yetu ya kusini. Livingstone alilifikia ziwa Nyasa mwaka 1859, yaani miaka 14 baadaye. Maelezo ya Cooley yalikuwa na makosa mengi, lakini ziwa lilikuwapo, na njia ya misafara iliyokwenda huko ilikuwapo. Mtu aliyekaa kitini alikuwa amepata jambo la kweli kwa sababu alikubali kufundishwa na mtu wa nchi.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai, alisafiri mpaka karibu na Kilimanjaro, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake wa njia weupe ule ni nini, na kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akatambua kwamba ni theluji, akaandika hivyo. Habari ilipofika London Cooley aliikataa. Alikuwa na hoja za kisomi: karibu na ikweta jambo hilo haliwezekani, macho ya msafiri yamemdanganya, vitabu havisemi hivyo. Aliishikilia kauli yake kwa miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima ule pamoja na Otto Kersten, na theluji ikawaangukia wenyewe.

Neno moja la kiongozi yule, ambalo kila mtoto wa pwani hulitumia asubuhi za mwezi wa Julai, lilikuwa na ukweli kuliko kurasa zote zilizoandikwa kulipinga. Lakini tusifanye haraka ya kumhukumu Cooley kwa sababu ya kukaa kwake. Cooley wa mwaka 1845 na Cooley aliyeikana theluji walikaa katika mji ule ule na kiti kile kile. Wa kwanza aliwasikiliza waliofika. Wa pili aliwaambia waliofika kwamba hawakuona walichokiona. Kama ugonjwa ungalikuwa katika kiti, ungalimshika tangu mwanzo.

Mfano mwingine waonyesha upande wa pili. Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt alikaa Tanga, akawauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Waliokwenda kwa njia ya kusini walimwambia kwamba mwisho wa safari ni ziwa. Waliokwenda kwa njia ya kati walimwambia kwamba mwisho wa safari ni ziwa. Na wa kaskazini vivyo hivyo. Erhardt, akishirikiana na Rebmann, aliyaunganisha maziwa hayo yote yakawa ziwa moja, la ajabu kwa ukubwa, na ramani ilipoonekana London mwaka 1856 watu walilifananisha ziwa lile na konokono aliyevuliwa nyumba yake.

Katika wale waliohojiwa hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alisema "ziwa", na kila mmoja alikuwa na ziwa lake. Lugha yetu haifanyi choyo katika neno hili: Nyasa ni ziwa, na maji yaliyotuama nyuma ya mashamba ni ziwa, kijiji hakihitaji bahari ya maji matamu kupata jina la Ziwani. Kosa liliingia mahali pa kiungo, pale ambapo mtu aliyekaa Tanga alijaza kwa fikira zake nafasi ambayo hakuna aliyemweleza. Hata hivyo ramani hii ya makosa ilifanya kazi ambayo ramani nyingi zilizo sahihi hazikuifanya. Iliwaudhi watu, ikawatamanisha, nao wakatumwa kwenda kuona: Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857, wakaifikia Tanganyika mwaka 1858, na mwaka huo huo Speke akaliona ziwa la kaskazini ambalo akaliita Victoria. Konokono mmoja akagawanyika kuwa maziwa matatu.

Nami nasema kwamba ramani ya Erhardt, pamoja na ubaya wa umbo lake, ilikuwa na adabu kuliko hoja za Cooley juu ya theluji. Ilisema: hivi ndivyo nilivyoambiwa. Asemaye hivyo huacha mlango wazi, na mwenye nchi aweza kuingia na kusahihisha.

Wala tusidhani kwamba miguu peke yake humwepusha mtu na hatari hii. Livingstone alikwisha kuliona ziwa Nyasa alipokuja mwaka 1861, na tena mwaka 1862, kujaribu kupanda mto Ruvuma, akitumaini kwamba maji yake yatampa njia ya kufika ziwani. Miamba ilimzuia. Ruvuma haitoki Nyasa. Chimbuko lake ni milima ya Matagoro, karibu na Songea. Msafiri naye hubeba kutoka kwao nchi aliyoichora kichwani, na mara nyingi huo ndio mzigo wake mzito.

Kuna namna nyingine ya kuichunguza nchi ya mbali, nayo yafaa kutajwa kwa kuwa imetokea jirani. Ng'ambo ya Ruvuma, juu ya uwanda wa Mueda, Wamakonde huchonga vinyago vya mapiko, vinavyovaliwa kichwani katika ngoma. Miongoni mwa sura zilizochongwa zimo sura za wageni, Mzungu akiwamo. Mchongaji hakufika Ureno. Lakini yeye hakudai kuichonga Ureno. Alichonga namna mtu wa Ureno alivyoonekana alipofika mbele yake. Katika sanaa hii mpaka wa ujuzi umeonyeshwa kwa shoka na patasi, na mtazamaji haulizi zaidi. Waandishi wengi wa safari hawakuwa na unyofu wa mchongaji huyu.

Hata hapa neno langu laweza kukubaliwa na mtu ye yote bila ya kumwuma. Mfano unaofuata ni mgumu zaidi.

Kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kadiri ya kilometa 60, kipo kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alitoa habari za mifupa mikubwa iliyogeuka mawe mahali hapo, na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba. Nchi ilikuwa imetoka juzi tu katika vita vya Maji Maji. Wachimbaji walikuwa watu wa nchi, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikachukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadha, ikapakiwa merikebuni. Uzito wake wote wakadiriwa kuwa tani zaidi ya 200.

Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, Werner Janensch, alirudi kwao mwaka 1911. Tangu hapo aliichunguza Tendaguru akiwa Berlin, mfupa kwa mfupa, akaandika juu yake mpaka mwaka 1961. Miaka 50! Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa mtu kuisoma nchi ya mbali akiwa nyumbani, na kwa kazi ya mikono vile vile, kwa maana mwaka 1937 mnyama mmoja alisimamishwa mzima katika ukumbi wa Berlin. Mnyama huyo si wa asili yote. Mifupa ya wanyama kadha iliunganishwa, na palipopungua pakajazwa kwa plasta. Alivunjwa akaungwa upya mwaka 2007. Mkia uliokuwa ukiburura chini ukainuliwa, na sasa kimo chake ni meta 13.27. Ni konokono wa Erhardt mara ya pili: kitu kilichounganishwa kwa bidii, kikakosewa, kikasahihishwa. Kwa kipimo changu cha awali kazi hiyo ina adabu.

Lakini tumtazame sasa kijana wa Ziwani. Yeye naye aweza kuisoma Berlin akiwa kwao. Picha za ukumbi ule zaonekana hata katika simu, na kitabu chaweza kumpa vipimo. Akifanya hivyo amefanya, kwa sura, jambo lile lile alilolifanya Janensch. Kwa hakika si jambo lile. Janensch aliisoma nchi ya mbali hali kitu cha nchi hiyo kiko mkononi mwake, na alikwisha kwenda na kurudi kwa hiari. Kijana wetu aisoma nchi ya mbali kwa sababu kitu cha kwao kiko huko, naye hana njia ya kukifuata. Mmoja amekaa kwa kuchagua, mwingine amekaa kwa kutopata. Kuwaita wote wawili kwa jina moja, "wachunguzi waliokaa nyumbani", ni kuficha jambo chini ya jina zuri.

Najua lijibiwalo. Husemwa kwamba mifupa ingalibaki Tendaguru mvua zingaliiharibu, au isingalisomwa. Kwamba elimu haina nchi. Kwamba picha zatosha. La kwanza laweza kuwa kweli kwa baadhi ya mifupa. La pili ni zuri likisemwa na mtu ambaye mlango uko wazi kwake. La tatu silikubali. Picha ni chombo cha elimu, nami namhimiza kijana aitumie. Lakini asiambiwe kwamba ni malipo. Suala la kurudishwa kwa mifupa limepata kusemwa Bungeni, na wenye madaraka wataliamua kwa njia zao. Liamuliwe lo lote, ushauri wa "soma ukiwa kwenu" unapotoka kinywani mwa aliyekishika kitu, kumwendea aliyenyang'anywa nafasi ya kukiona, hubadilika uzito wake. Ule ule uliokuwa hekima kwa mwalimu wa Ziwani huwa kisingizio.

Kwa hiyo sitamwambia kijana aache. Namwambia kwamba ana vitu ambavyo Janensch hakuwa navyo katika ile miaka 50. Lindi si mbali naye kama Berlin. Lugha waliyoisemea wapagazi njiani ni yake. Yamkini ziko nyumba, katika vijiji vya njia ile, ambamo wajukuu bado wanasimulia juu ya babu aliyebeba jiwe la kizungu asilolijua. Habari za namna hiyo hazionekani katika mfupa hata ukisuguliwa vipi. Na apime kamba ya meta 13.27, aisimamishe kando ya mnazi wa kwao, amjenge mnyama kwa miti na makuti mchangani. Afanye hivyo pamoja na wenzake, na kila kiungo walichokibuni wakipake rangi nyingine, ili atazamaye ajue kipi kimesomwa na kipi kimedhaniwa.

Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Ujerumani alimpa mnyama mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ni jambo jema, japo lilichelewa kwa miaka karibu mia. Vijana wa Ziwani wanaweza kuanzia hapo: waandike Berlin, waulize Boheti alisema nini juu ya kazi ile na maneno yake yamewekwa wapi, nao wapeleke waliyoyasikia kwa wazee wa Lindi. Barua hiyo yafaa iandikwe kwa Kiswahili. Lugha hii ilianza kufundishwa Berlin mwaka 1887, kabla mfupa wa kwanza wa Tendaguru haujachimbuliwa, na msomaji hatakosekana.