Huruma na Kikombe cha Maji

Huruma kwa desturi huhesabiwa kuwa ni kutenda. Mwenye njaa hulishwa, aliyeanguka huinuliwa, asiyeweza kushika kijiko hushikiwa. Ni vigumu kuitetea huruma ambayo kazi yake ni kuizuia mikono. Lakini yupo mgonjwa atulazimishaye kuitafakari: yule aliyelala muda mrefu katika wodi ya wagonjwa mahututi, akaokoka maradhi yaliyompeleka huko, kisha akajikuta hawezi kuuinua mkono wake mwenyewe.

Udhaifu huu si uvivu, ingawa jamaa hawakosi kuuita hivyo. Makali ya maradhi na kulala bila mwendo hudhuru misuli na mishipa ya fahamu. Uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa msuli wa paja hupoteza karibu 18 katika mia ya unene wake kwa siku 10 tu.

Matibabu haya ya mahututi yalipata chimbuko lake Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, ambapo wanafunzi wa udaktari waliketi kwa zamu wakibinya mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa wapumue. Pale hapakuwa na swali: mkono wa mwingine ulikuwa ndio uhai. Shida huja baadaye, siku ambayo mkono huo hauna budi kuondoka.

Mjomba wangu alirudi nyumbani baada ya siku 26 katika wodi kama hiyo. Mtaalamu wa viungo alituagiza tusimnyweshe maji, bali tuweke kikombe mahali atakapokifikia kwa taabu. Nilitii. Mzee alinitazama akasema, "Mwanangu, hata maji umeninyima?" Sikuwa na jibu. Shangazi alikitwaa kikombe akamnywesha, na nyumba nzima ikamwona yeye kuwa ndiye mwenye utu.

Je, nilikuwa na haki gani ya kumtoa jasho mtu aliye dhaifu kuliko mimi? Ningeweza kujitetea kwa uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2009: katika wagonjwa 104 waliopumua kwa mashine, 59 katika mia ya walioanzishwa mazoezi mapema walikuwa wakijitegemea walipotoka hospitali, na 35 katika mia tu ya wenzao. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2022, wa wagonjwa 750, uliona kuwa kuzidisha mazoezi hayo ya mapema hakukuwaongezea siku za kuwa hai nje ya hospitali, na madhara yaliongezeka. Basi ukali nao una kipimo, na ukatili huweza kuvaa joho la tiba. Wala upole wa shangazi haukuwa bila gharama. Kila kikombe alichoshika yeye, mkono wa mzee ulikikosa.

Kosa langu, naona sasa, halikuwa kukiweka kikombe mbali. Nilikiweka bila kumwuliza mwenye kiu.

Siku ya 12 ndipo nilipomwuliza nikiweke wapi. Alifikiri kitambo, akanionyesha ukingo wa meza. Kisha akaniamuru nitoke nje na mlango niufunge, kwa kuwa hakupenda kutazamwa akihangaika.